SOMO LA REDIO: MWAVULI WA AMONIA

(Somo hili ni la madarasa ya elimu ya watu wazima. Kabla ya kufungua redio, kila darasa liwe na vizibo vitatu vya soda, chaki, karatasi moja, na mwavuli kama upo. Walimu waandike ubaoni maneno haya: amonia, molekuli, ulinganifu, kundi, masafa.)

MWALIMU: Leo tupo pamoja na darasa la Mpwapwa, nami nimewaomba wanafunzi wawili, mzee mmoja na mama mmoja, wakae karibu nami ili waniulize kila ninapokwenda mbio. Mzee, hujambo?

MZEE: Sijambo, mwalimu. Tunakusikiliza.

MWALIMU: Mama, je?

MAMA: Salama, mwalimu. Lakini nimeona vizibo vya soda juu ya meza. Leo ni somo la hesabu au la duka?

MWALIMU: Ni somo la hesabu, mama. Ila tutaanzia zizini.

HARUFU YA ZIZINI

Mji wa Mpwapwa unajulikana kwa ng'ombe. Kazi ya kuchunguza mifugo ilianza hapa tangu enzi za Wajerumani, na ipo aina ya ng'ombe iliyopatikana hapa kwa kuchanganya ng'ombe wa nchini na wale wa kutoka India na Ulaya, nayo huitwa Mpwapwa mpaka leo. Basi hakuna mtu hapa asiyeijua harufu ya zizi asubuhi, hasa mvua ikinyesha kidogo kisha jua likatoka. Harufu ile huwasha pua na kuyatoa macho machozi. Mzee, wewe waijua?

MZEE: Naijua tangu utotoni. Ni harufu ya mkojo wa ng'ombe.

MWALIMU: Vema. Katika mkojo mna kitu chenye nitrojeni. Vijidudu vya udongoni hukivunja kitu hicho, na hewa kali hutoka. Jina la hewa hiyo ni amonia. Mkulima akumbuke jambo hili: nitrojeni ndiyo chakula kikubwa cha mahindi, mtama na uwele. Amonia inaporuka kutoka katika samadi, chakula cha mimea kinaruka nayo. Harufu ni mali inayopotea.

MAMA: Sasa, mwalimu, hewa haionekani. Mtu atajuaje ni kiasi gani kimeruka?

MWALIMU: Hilo ndilo swali la leo. Jibu lake ni kwamba amonia hujitangaza yenyewe. Ina sauti yake, ingawa si sauti ya masikio. Ni mawimbi, ya jamii moja na haya yanayoleta maneno yangu katika redio yenu. Kila stesheni ya redio ina mahali pake katika mshale. Amonia nayo ina mahali pake, na hakuna hewa nyingine yenye mpangilio ule ule. Ukijua mpangilio wake, utaitambua hata ikiwa mbali sana. Na mpangilio ule hupatikana kwa hesabu ya vizibo vitatu na mwavuli mmoja. Haya, tuanze.

UMBO LA AMONIA

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo atomu. Atomu zikishikana huwa molekuli. Molekuli ya amonia ina atomu nne: moja ya nitrojeni na tatu za hidrojeni.

Fikirini mafiga matatu jikoni na chungu juu yake. Mafiga ni hidrojeni, na chungu ni nitrojeni. Mafiga yamepangwa pembe tatu, umbali sawa. Chungu kimekaa katikati, juu kidogo ya mafiga. Hilo ndilo umbo la amonia.

Sasa tuseme mafiga yote matatu yanafanana kabisa: rangi moja, ukubwa mmoja, hata ufa mmoja. Mama yumo jikoni. Anafumba macho. Mtoto anakuja na kuyasogeza mafiga kwa mzunguko: la kwanza linakwenda mahali pa la pili, la pili mahali pa la tatu, la tatu mahali pa la kwanza. Mama anafumbua macho. Je, atajua?

MAMA: Hatajua. Jiko ni lile lile.

MWALIMU: Hilo tunaliita ulinganifu. Ulinganifu ni kutenda kitu, kisha kile ulichokitendea kikabaki kama kilivyokuwa. Binadamu waliupenda tangu zamani. Utauona katika vikapu, katika shanga na katika kanga. Lakini leo hatuutaki kwa uzuri wake tu. Tunautaka kwa hesabu.

KUNDI NI NINI?

Mwalimu wa darasa achore pembe tatu ubaoni, aandike A, B na C katika ncha zake. Sasa tuorodheshe kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kukaa: usiguse kitu. Kazi ya pili ni kugeuza theluthi moja ya mzunguko. Kazi ya tatu ni kugeuza theluthi mbili.

Ukigeuza theluthi moja, kisha theluthi moja tena, umefanya theluthi mbili, nayo imo katika orodha. Ukigeuza theluthi moja, kisha theluthi mbili, umerudi ulipoanza. Hiyo ni sawa na kukaa, nayo imo katika orodha. Hata ukizifuatanisha namna gani, hutoki nje ya orodha. Tena kila kazi ina ya kuitangua.

Orodha ya namna hiyo wanahesabu huiita kundi. Lina masharti. Kazi mbili zikifuatana zizae kazi iliyomo. Kukaa kuwemo. Kila kazi iwe na mtanguzi wake. Liko na sharti la nne, la kupanga kazi tatu mfululizo, lakini pembe tatu yetu inalitimiza bila taabu.

MZEE: Ni kama ukoo, mwalimu. Mtoto wa ukoo haolewi akapotea. Anajulikana ni wa wapi.

MWALIMU: Umesema vema, mzee, ila huu ni ukoo wa matendo, si wa watu.

Sasa tuongeze. Mtoto wetu mtundu anaweza pia kubadilishana mafiga mawili tu, na la tatu akaliacha. Njia za kupanga mafiga matatu ni 3 mara 2 mara 1, yaani 6. Tatu ni za kuzungusha, pamoja na kukaa. Tatu ni za kubadilishana mawili. Basi kundi letu lina kazi 6.

Jaribuni jambo moja. Andikeni ABC. Badilisheni A na B: mnapata BAC. Sasa badilisheni A na C: mnapata BCA. Tazameni sana. BCA ni ABC iliyozungushwa. Kwa hiyo kubadilishana mara mbili ni sawa na kuzungusha theluthi. Liwekeni jambo hilo kichwani, tutalirudia.

VIZIBO VITATU

Kiini cha atomu ya hidrojeni kina tabia moja ya ajabu. Ni kama sumaku ndogo yenye hali mbili tu: juu au chini. Hakuna hali ya tatu. Ni kama kizibo cha soda mezani: ama kinatazama juu, ama kinatazama chini.

Mama, tafadhali panga vizibo vyako pembe tatu. Mna njia ngapi za kuvilaza, juu au chini?

MAMA: Cha kwanza njia mbili, cha pili mbili, cha tatu mbili. Mbili mara mbili mara mbili. Ni 8.

MWALIMU: Sawasawa. Sasa zigawe njia 8 hizo katika jamaa. Njia mbili ni jamaa moja ikiwa unaweza kutoka moja kwenda nyingine kwa kuzungusha theluthi tu.

MAMA: Vyote juu: ukizungusha, havibadiliki. Hiyo ni jamaa ya peke yake. Vyote chini, vivyo hivyo. Kimoja juu na viwili chini: kile cha juu kinaweza kuwa mahali popote pa tatu, na kuzungusha kunavipitisha vyote. Hiyo ni jamaa ya watu watatu. Viwili juu na kimoja chini: jamaa ya watatu tena.

MWALIMU: Jumla?

MAMA: Jamaa 4. Watu wake ni 1 na 1 na 3 na 3. Jumla 8.

MWALIMU: Hongera sana. Kila jamaa, ukiichukua nzima kwa pamoja, haibadiliki unapozungusha. Kwa hiyo ziko hali 4 zisizobadilika. Nane toa nne, zinabaki 4 zinazobadilika. Katika hizo, 2 husogea mbele theluthi na 2 husogea nyuma theluthi, kama wachezaji wa ngoma wanaozunguka kulia na wanaozunguka kushoto.

Andikeni ubaoni: 4, 2, 2. Namba hizo tatu zitatuonyesha jambo lililo katika kila chembe ya amonia duniani.

PIA INAYOZUNGUKA

Molekuli haitulii. Huzunguka kama pia ya watoto. Lakini pia ya mtoto huzunguka kwa mwendo wowote, polepole au mbio. Molekuli hairuhusiwi hivyo. Huzunguka kwa daraja: daraja 0, 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Katikati ya daraja hakuna kitu.

Kwa nini daraja? Kwa sababu mwendo wake ni wimbi linaloizunguka molekuli, na wimbi lazima likutane na mkia wake. Fikirini kikapu chenye maua yaliyosukwa kuzunguka mdomo. Msusi hawezi kuweka ua moja na nusu. Ataweka 1, au 2, au 3. Idadi ya maua ndiyo daraja.

Mzee, kikapu chenye maua 3, ukikigeuza theluthi, kitaonekanaje?

MZEE: Kitaonekana vile vile.

MWALIMU: Chenye maua 2?

MZEE: Hapo utaona tofauti. Maua hayataangukia mahali pake.

MWALIMU: Na chenye maua 6?

MZEE: Vile vile tena, kama kile cha 3.

MWALIMU: Basi daraja 0, 3, 6 na 9 hazibadiliki kwa theluthi. Daraja 1, 2, 4, 5, 7 na 8 hubadilika.

Sasa inakuja sheria kubwa. Mwaka 1925 mtaalamu Wolfgang Pauli alitoa kanuni juu ya elektroni, na baadaye ikaonekana kwamba viini vya hidrojeni navyo huifuata. Kwa maneno ya darasa letu ni hivi: ukibadilishana viini viwili vilivyo sawa, ishara ya molekuli nzima hugeuka. Jumlisha huwa toa. Ukibadilishana mara mbili, toa ya toa ni jumlisha, umerudi palepale.

Kumbukeni tulichoweka kichwani. Kubadilishana mara mbili ni kuzungusha theluthi. Kwa hiyo sheria inaamuru: molekuli nzima isibadilike inapozungushwa theluthi. Molekuli nzima ni kikapu pamoja na vizibo.

Kikapu cha daraja 3 hakibadiliki. Basi vizibo vyake navyo visibadilike. Vina nafasi ngapi? Tazameni ubaoni: 4. Kikapu cha daraja 1 au 2 husogea upande mmoja. Basi vizibo visogee upande wa pili, ili jumla itulie. Vina nafasi ngapi? 2 tu.

MAMA: Kwa hiyo daraja la 3 lina nafasi mara mbili ya daraja la 2.

MWALIMU: Hasa! Nasi tumepata hilo bila kuinusa amonia, bila kipimo, ila kwa vizibo vya soda. Je, ni kweli? Ni kweli. Amonia ina stesheni zake karibu na masafa ya megaheti 24,000, wakati redio za FM huishia 108. Stesheni ya daraja la 1 iko megaheti 23,694. Ya daraja la 2 iko 23,723. Ya daraja la 3 iko 23,870. Ya daraja la 4 iko 24,139. Ukizisikiliza katika chumba cha kawaida, ya tatu ina nguvu kuwapita majirani zake wa pande mbili. Ya sita nayo huwapita majirani zake. Mtu asiyejua hesabu ya kundi angeshangaa. Ninyi hamshangai.

MWAVULI NA UPEPO

MZEE: Mwalimu, nimeelewa nguvu ya stesheni. Lakini stesheni yenyewe inatoka wapi? Nani anapiga mtambo huko ndani?

MWALIMU: Swali zuri. Sasa chukueni mwavuli. Watu wa Dodoma mnaujua upepo wa kiangazi. Mtu anatembea na mwavuli wake, mara upepo unaingia chini yake, puu! Mwavuli umegeuka. Kilele kilichokuwa juu kimekuwa kama bakuli.

Amonia hufanya hivyo yenyewe, bila upepo. Nitrojeni iliyo juu ya hidrojeni tatu hupita katikati yao na kutokea upande wa chini. Kisha hurudi.

Chukueni karatasi. Choreni pembe tatu, andikeni 1, 2, 3 kwa mwendo wa mshale wa saa. Ishikeni juu kwenye mwanga na kuitazama kutoka nyuma. Namba zinakwendaje?

MAMA: Zinakwenda kinyume cha saa.

MWALIMU: Ndivyo inavyoona nitrojeni. Ikiwa juu, huona 1, 2, 3 kwa mwendo wa saa. Ikihamia chini, huona kinyume. Kwa hiyo kugeuka mwavuli si mchezo mtupu. Ni kuvuka kutoka mpango mmoja kwenda mpango mwingine, ambao kwa kuzungusha tu usingeufikia kamwe.

Kati ya pande mbili mna mlima. Nitrojeni kwa kawaida haina nguvu za kuupanda. Lakini chembe ndogo sana zina tabia ya mawimbi, na wimbi hupenya kidogo hata pale ambapo jiwe lingezuiwa. Ni kama ng'ombe aliyeonekana ng'ambo ya vilima vya Kiboriani na hakuna aliyemwona akipanda.

Ili mwone matokeo yake, fanyeni hili nyumbani. Fungeni kamba mlalo kati ya nguzo mbili. Ning'inizeni vibuyu viwili vilivyo sawa. Sukumeni kimoja. Baada ya muda cha pili kitaanza kubembea na cha kwanza kitatulia. Kisha kitarudisha. Vibuyu vina bembea mbili safi: kwenda pamoja, na kwenda kinyume. Mwendo wa bembea hizo unatofautiana kidogo, na tofauti hiyo ndiyo kasi ya kupokezana.

Amonia ni hivyo hivyo. Upande wa juu na upande wa chini ni vibuyu viwili. Kila daraja moja la nguvu hupasuka kuwa madaraja mawili yaliyo karibu. Tofauti yao ndiyo stesheni yetu, kama mizunguko milioni elfu 24 kwa sekunde. Mzee, huyo ndiye mpiga mtambo.

Mwaka 1934 C. E. Cleeton na N. H. Williams wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipitisha mawimbi mafupi ya redio katika amonia na kuona jinsi hewa ile ilivyoyameza, mahali pale palipotabiriwa. Mwaka 1954 Charles Townes na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia walitumia stesheni hiyo hiyo kuunda mtambo wa kwanza wa maser, ndugu mkubwa wa laser. Mwaka 1968 Townes na wenzake waliisikia amonia kutoka katikati ya kundi letu la nyota. Harufu ya zizi letu iko hata huko.

MOLEKULI NGUMU NA MOLEKULI NYUMBUFU

Sasa tufike penye kiini cha somo. Kitu kinachopindika bila kuvunjika, kama fimbo mbichi, huitwa nyumbufu. Molekuli ngumu hukaa na umbo moja. Molekuli nyumbufu hubadili umbo. Zamani wataalamu walihesabu ulinganifu kwa kutazama umbo. Lakini kama umbo lenyewe linageuka, utatazama lipi?

Mwaka 1963 H. C. Longuet-Higgins wa Cambridge, Uingereza, alitoa jibu jepesi. Usitazame umbo. Tazama matendo. Kwanza, orodhesha njia zote za kubadilishana atomu zilizo sawa. Pili, kwa kila njia, weka na mwenzi wake wa kupindua molekuli nzima kama katika kioo. Tatu, futa zile ambazo molekuli haiwezi kuzitenda katika muda wa kipimo chako. Zilizobaki ndizo kundi lake.

Tufanye kwa amonia. Kubadilishana ni njia 6. Pamoja na kupindua, 6 mara 2 ni 12. Amonia huziweza zote, kwa sababu mwavuli wake hugeuka. Kundi lake lina kazi 12.

Sasa mchukueni binamu yake, fosfini, mwenye fosforasi mahali pa nitrojeni. Kwa karatasi naye ana 12. Lakini mlima wake ni mrefu na mwavuli wake hauonekani kugeuka. Nusu inafutwa. Zinabaki 6. Umbo la karatasini ni moja, lakini kundi si moja, wala stesheni si moja.

Faida yake ni kubwa kwa molekuli kubwa. Etani hupatikana kidogo pamoja na gesi asilia, kama ile ya Songo Songo. Ina kaboni 2 na hidrojeni 6. Kubadilishana hidrojeni: 6 mara 5 mara 4 mara 3 mara 2 ni 720. Mara 2 kwa kaboni, 1,440. Mara 2 kwa kupindua, 2,880. Nani atahesabu zote hizo? Lakini etani ni kama vigoda viwili vilivyounganishwa mgongo kwa mgongo, kila kimoja chenye miguu mitatu na kinachoweza kuzunguka peke yake. Kigoda cha kwanza kina mizunguko 3, cha pili 3: hizo ni 9. Mara 2 kwa kubadilishana vigoda, mara 2 kwa kioo. Jumla 36. Kutoka 2,880 tumeshuka mpaka 36, na hatujapoteza chochote kinachoonekana.

ZIWA NATRON

MAMA: Mwalimu, turudi kwenye swali langu. Mtu atajuaje amonia iliyoruka?

MWALIMU: Tunarudi, mama. Mwavuli ukigeuka tu tunasikia mawimbi ya redio. Lakini mwavuli hutikisika pia, kufunguka na kufunga, na mtikisiko huo hupokea mawimbi ya joto. Kama amonia ingekuwa ngumu, alama kuu ya mtikisiko huo ingekuwa mahali pamoja. Kwa kuwa ni nyumbufu, alama imepasuka mbili: moja kwenye mawimbi 932 katika sentimita moja, nyingine kwenye 968.

Ardhi yenye joto hutoa mawimbi hayo kwenda juu. Amonia iliyoko njiani hula fungu lake. Mwaka 2006 Ulaya ilirusha chombo cha angani kiitwacho Metop, chenye mashine ya Kifaransa iitwayo IASI. Mashine hiyo ilitazama chini na kuuliza: mawimbi gani yamepungua? Ni kama mama aliyeacha sinia la mandazi. Akirudi, hahitaji kumwona mtoto akila. Anahesabu yaliyopungua.

Mwaka 2018 wataalamu kutoka Brussels na Paris walitangaza ramani ya vyanzo vikubwa vya amonia duniani, zaidi ya 200. Karibu vyote vilikuwa kazi ya binadamu: mabanda makubwa ya mifugo na viwanda vya mbolea. Chanzo kimoja cha asili kilijitokeza, nacho ni Ziwa Natron, hapa hapa Tanzania. Maji ya ziwa hilo yana magadi mengi. Wakati wa kiangazi ziwa hupungua, matope hubaki wazi juani, na magadi na joto huifukuza amonia ipande hewani. Hakuna mtu aliyekwenda na chupa kuipima siku kwa siku. Iligunduliwa kwa alama za mwavuli.

RUDI ZIZINI

Sasa sikilizeni, wakulima. Matope ya Natron na samadi ya Mpwapwa zina sheria moja. Jua, joto na upepo huifukuza amonia. Samadi iliyotandazwa shambani na kuachwa wazi hupoteza nitrojeni yake hewani. Samadi iliyofukiwa siku ile ile huibakiza udongoni. Matandiko ya majani makavu zizini hunyonya mkojo na kuupunguzia kuruka. Lundo lililofunikwa kwa majani au udongo ni bora kuliko lundo lililo wazi.

MZEE: Kumbe tulipokuwa tukisema samadi imekomaa kwa sababu harufu imekwisha…

MWALIMU: Sema, mzee.

MZEE: Pengine harufu haikukomaa. Ilikwenda zake, na mahindi yakabaki na njaa.

MWALIMU: Umemaliza somo, mzee. Fukieni samadi. Na mtakapoinusa zizini kesho, kumbukeni ya kuwa mnanusa miavuli midogo inayogeuka mara maelfu ya mamilioni kila sekunde, na kwamba tabia yake imeandikwa katika namba 4, 2, 2, ambazo mama huyu amezipata kwa vizibo vya soda.

MASWALI YA DARASA

1. Andika njia zote 8 za kulaza vizibo vitatu. Zungushia duara kila jamaa. Je, umepata jamaa 4?

2. Stesheni ya daraja la 9 itakuwa na nafasi 4 au 2? Toa sababu.

3. Molekuli ina hidrojeni 4 zilizo sawa na kaboni moja. Njia za kubadilishana ni ngapi? Pamoja na kupindua ni ngapi? (Jibu: 24, na 48. Molekuli hiyo ni metani, nayo ni ngumu, hivyo nusu hufutwa, zikabaki 24.)

4. Chukua samadi ya ndoo mbili. Moja itandaze juani, nyingine ifukie. Panda mtama kwenye vitalu viwili. Liambie darasa mwisho wa msimu ulichokiona.